Vipimo vya Betri ya Mshonaji

Benchi lenyewe lilikuwa mlango. Seremala mmoja alipohama aliuacha umeegemea ukuta, watu wakaulaza juu ya matofali, na kitasa chake kikabaki palepale, kwa hiyo mgeni akikaa katikati huruka, na wenyeji hucheka. Liko kati ya chumba cha kinyozi na chumba cha mshonaji, chini ya bati moja, mahali ambapo kivuli hufika saa nane na hakiondoki tena. Jumatatu hiyo alasiri walikuwepo walewale. Alikuwepo Konda, aliyewahi kuwa kondakta wa basi na mpaka leo anaongea kama anaita abiria. Alikuwepo Waya, fundi wa redio, mwenye bisibisi sikioni pale ambapo wengine huweka kalamu. Kinyozi mwenyewe alikuwepo, kwa kuwa kiti chake kilikuwa hakina mteja, na Bibi Birika, anayewauzia kahawa na kubishana nao bure. Mbele yao lilisimama gari dogo jeupe, pua ikielekea mteremkoni. Gari hilo ndilo lililokuwa likizungumzwa.

— Betri ni ukubwa, alisema Konda. Kubwa ni kubwa, ndogo ni ndogo. Habari nyingine zote ni za kujaza gazeti.

— Betri ni uzito, alisema Waya.

— Si kitu kilekile?

— Godoro ni kubwa. Libebe uone kama ni zito.

— Hapo kakushika, alisema Kinyozi.

— Hajanishika. Mimi nazungumzia betri, yeye kaleta mambo ya kulala.

Mshonaji aliwasikia bila kuinua kichwa. Cherehani yake ilikaa mlangoni kabisa, hatua mbili kutoka kwenye benchi, kwa hiyo hakuna neno lililosemwa pale likampita. Futi yake ya kupimia ilining'inia shingoni kama kawaida. Kando ya mguu wake, ndani ya kapu la nguo, alilala binti yake wa miezi miwili na nusu, mguu wa kushoto umefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi pajani.

Mtoto alizaliwa unyayo ukiwa umegeukia ndani, kama mtu anayejaribu kutazama kisigino chake. Hospitali ikaanza kuunyoosha kidogo kidogo, plasta mpya kila Jumanne. Hospitali yenyewe iko mji wa pili, namba za wagonjwa hutolewa saa moja asubuhi, na basi la kwanza hufika huko namba zimeshakwisha. Ndiyo maana gari la kaka yake, aliyesafiri kikazi akamwachia funguo, lilikuwa mkombozi. Lakini lilikuwa mkombozi mgonjwa. Mwezi uliopita liligoma kabisa, wakakosa Jumanne moja, na daktari alipoufungua mguu wiki iliyofuata hakumfokea. Alimwambia tu kwa upole kwamba mguu wa mtoto unakumbuka ulikotoka. Plasta mbili za nyuma ikabidi zirudiwe. Kesho ilikuwa ya mwisho.

Na watu hawa waliokuwa wakibishana ndio waliokuwa wakilisukuma gari. Hakuwahi kuwaomba. Siku ya kwanza walimkuta alfajiri anasukuma peke yake, mtoto mgongoni, kitambaa kimemfunguka, na tangu siku hiyo kila Jumanne saa kumi na moja alfajiri wanakuja. Wana mpaka nafasi zao. Konda nyuma kulia, Waya nyuma kushoto, Kinyozi kwenye nguzo ya dirisha, Bibi Birika mbele na tochi akiwaambia wasogee. Jumanne iliyopita walisukuma mara tatu, wakaenda wakarudi, wakaenda wakarudi, na gari lilikohoa walipokwisha kufika kituo cha mafuta. Kinyozi alirudi anachechemea. Wote walijua kwamba safari hii huenda lisikohoe kabisa.

Kwa hiyo betri ilikuwa lazima inunuliwe leo, kabla duka halijafungwa saa kumi na moja jioni. Akiba ya Mshonaji ilitosha betri moja. Ya kukosea haikuwepo.

— Sasa sikiliza, mama mtoto, Konda alimgeukia. Wewe usihangaike. Mimi nimeshamaliza kazi. Rafiki yangu ana betri ya lori, amebadilisha lori, betri imebaki na nguvu zake zote. Saa kumi yuko hapa nayo.

Cherehani ilisimama.

— Ya lori, kaka?

— Ya lori. Gari lako hili litawaka hata ukilikoholea tu.

— Si itakuwa kubwa?

— Ndiyo ninachosema. Kubwa.

Konda akaegemea ukuta, akaanza kuhadithia. Alisema basi lao la zamani lilikuwa na betri ya aina hiyo, na siku moja waliharibikiwa mbele ya harusi ambayo umeme ulikuwa umekatika. Wakaunganisha nyaya mbili tu. Ukumbi mzima ukawaka. Muziki ukapiga mpaka watu wakachoka wenyewe, na basi likawaka palepale likaendelea na safari.

— Juzi ulisema ni taa tu ziliwaka, alisema Bibi Birika.

— Taa na muziki.

— Juzi hukusema muziki.

— Juzi hukuniuliza.

Waya alichomoa bisibisi sikioni, akaipunga ili asikilizwe.

— Ukubwa unadanganya, alisema. Watu wanatengeneza sanduku kubwa, ndani wanaweka maji. Betri ni risasi. Ile risasi ya madini, si ya bunduki, Kinyozi usiniangalie hivyo. Na risasi ni uzito. Unaingia dukani, unashika moja mkono huu na nyingine mkono huu, unafumba macho. Bega litakaloshuka, ndiyo betri.

— Na ukiwa na bega moja bovu?

— Unabadilisha mikono. Halafu unaweka sikio. Betri nzima inanong'ona.

— Inanong'ona nini?

— Kila mtu inamwambia lake. Mimi kazi yangu ni sauti. Hili gari nililisikia siku ya kwanza tu, nikasema, betri imekufa. Sikukosea.

Hilo ni kweli alilisema, na wote walitikisa vichwa kukubali.

— Mimi nawasikiliza tu, alisema Kinyozi, mnachagua betri wakati hamjui itakaa wapi. Kinachoua betri ni saruji. Ukiiweka betri chini kwenye saruji usiku mmoja, saruji inafyonza. Mashine zangu za kunyolea nazichajia juu ya ubao, ndiyo maana zina miaka.

— Gari haliwekwi kwenye saruji, lina magurudumu.

— Na dukani je? Muuzaji kaiweka wapi? Umemuuliza? Kuna mtu mtaa wa nyuma aliweka betri sita kwenye sakafu ya sebule. Baada ya mwezi, betri zote tupu, sakafu ndiyo imejaa. Kuku akaingia, akatoka mbio.

— Kuku hutoka mbio kila sebule.

— Huyu alitoka mbio manyoya yamesimama.

Bibi Birika aliwamiminia kila mmoja, kikombe kwa kikombe, bila kumwaga tone. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye watoto sita waliokwisha kuoa na kuolewa, na husubiri wenzake wamalize ndipo aseme.

— Nyie wote mnazungumzia chuma, alisema. Hilo gari lina majonzi. Mwenyewe kasafiri. Gari linazoea mkono wa mtu, hata birika langu mtu mwingine akilishika linamwaga. Mpigieni simu kaka mtu, muiweke simu juu ya boneti, aongee nalo.

— Aliambie nini?

— Alisalimie.

Waya alifikiri kidogo. — Kwa sauti ya simu hiyo halitamsikia vizuri, alisema. Labda tuunganishe na spika.

Mshonaji alicheka kidogo, akainama kumrekebishia mtoto kofia ili wasione kwamba kicheko hakikufika mbali. Hakujua betri, lakini alijua kwamba hataki ya lori. Angesemaje? Alikumbuka kiganja cha Konda kilichochubuka Jumanne iliyopita, jinsi alivyokificha mfukoni alipoulizwa. Alikumbuka kiatu cha Waya kilichofunguka soli njiani, akarudi amekishika mkononi akisema hewa ni nzuri kwa miguu. Mtu anayekusukumia gari wiki saba, unamwambiaje kwamba zawadi yake huitaki? Akashona mshono ule ule mara mbili.

Ndipo alipofika mama mmoja, mama wa mapazia. Alikuwa mgeni kabisa pale, mfuko mkubwa begani, jasho usoni. Aliwasalimia wote, wakamjibu wote, akakaa katikati ya benchi, akaruka.

— Kitasa, Kinyozi alimwambia. Sogea huku, mama. Kila mtu hukutana nacho mara moja.

— Haya, nimeshakutana nacho. Alitoa mapazia, akamkabidhi Mshonaji. Naomba unikatie, mwanangu. Nilinunua bila kupima dirisha. Niliona yanapendeza, nikabeba. Nimefika nyumbani yanafagia sakafu.

— Yanazidi kiasi gani, mama?

— Safari hii nimepima. Vipimo nimeviandika kwenye karatasi, imo humo ndani ya kunjo.

Alipewa kikombe cha kahawa, na kwa kuwa mabishano hayakuwa yamekatika, akasikia ya lori, ya bega, ya saruji na ya kusalimia. Alisikiliza kwa heshima, kama mtu aliyekaribishwa. Alipomaliza nusu kikombe, akauliza:

— Na iliyomo sasa hivi ni ya ukubwa gani?

Konda alimgeukia Waya.

— Waya ndiye anajua, alisema.

— Mimi niliisikia, alisema Waya. Aliyeiona ni Konda, si ndiye mtu wa magari.

— Mimi? Mimi nasukuma nyuma. Kinyozi ndiye yuko upande wa mbele.

— Mimi niko dirishani. Bibi ndiye yuko mbele na tochi.

— Tochi nawamulikia nyie, alisema Bibi Birika. Kwani tangu tuanze kusukuma, nani amefungua boneti?

Walikuwa wamelisukuma gari lile kwa ustadi mno, kila mtu kwenye nafasi yake, hata hakuna aliyepata nafasi ya kulifungua. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshaangalia.

Waya alirudisha bisibisi sikioni taratibu. — Nilisema imekufa, alisema. Sikusema nimeiona maiti.

Mshonaji alisimama, akamwomba Bibi Birika amtazamie mtoto, akaenda garini. Hakujua boneti inafunguliwa wapi. Konda aliingia naye, akavuta kishikio kimoja chini ya usukani, nyuma kikafunguka kifuniko cha mafuta. Akavuta kingine, kiti kikalala. Cha tatu ndicho kilichokuwa chenyewe.

Betri ilikuwa kwenye kona, imeota unga wa kijanikijani juu ya vichwa vyake viwili, kile cha kujumlisha na kile cha kutoa. Unga ulikuwa mwingi kiasi kwamba kebo zilionekana zimepandwa. Mshonaji alichukua kipande cha kitambaa akapangusa ubavuni. Lebo ilikuwa imeliwa, lakini kumi na mbili ya volti ilisomeka, na arobaini na tano ya nguvu, na juu yake, kwa wino wa kaka yake, tarehe aliyoiweka. Ilikuwa na miaka sita.

— Miaka sita, alisema Kinyozi. Imefanya kazi yake, masikini.

— Basi kweli imekufa, alisema Waya, na sauti yake ikapata nafuu kidogo.

Mshonaji alivua futi shingoni. Hakuwaza sana. Mkono ulifanya mambo ambayo mkono wake huyafanya kutwa nzima: akaizungushia, akaibana kwa kidole gumba, akasoma. Akapima urefu, akapima upana, akapima kimo mara mbili, mara ya kwanza mpaka begani na mara ya pili mpaka juu ya vichwa, kama anavyompimia mtu anayependa kuvaa kilemba. Halafu akapima na kitako ambacho betri imekalia, na nafasi iliyobaki mpaka kwenye boneti. Alirudi dukani kwake, akafungua daftari la wateja, na chini ya jina la bibi harusi mmoja akaandika: Betri. Urefu sentimita ishirini na tatu na nusu. Upana kumi na tatu. Kimo ishirini na mbili.

— Kiuno hujaandika, alisema Konda.

— Hana kiuno huyu. Mnyoofu.

Wakacheka, na katika kucheka huko ndipo rafiki yake Konda alipowasili, anakokota baiskeli, betri ya lori imefungwa kwenye kiti cha nyuma kwa mpira. Tairi lilikuwa limebonyea. Alikuwa amevuja jasho mpaka kwenye kola. Watu wawili walisaidia kuishusha, wakaiweka juu ya benchi, kwa ajili ya Kinyozi, isiguse saruji.

Sasa mtu wa pili alikuwa amejisumbua kwa ajili ya Mshonaji. Yeye alinyoosha futi tu. Aliipima. Alisoma kwa sauti, kama anavyowasomea wateja ili wasije wakalaumu baadaye.

— Urefu hamsini na moja. Upana ishirini na mbili.

Akafungua daftari, akaligeuza, ili Konda aone mwenyewe. Konda alitazama namba za juu, akatazama namba za chini, akaliangalia gari, akaiangalia betri.

— Kaka, alisema Mshonaji, hili ni gauni la mtu mwingine.

Konda akacheka, kicheko cha kweli, akapiga paja.

— Tungeifunga juu ya paa, alisema. Kama mizigo.

— Tungeweza, alisema Waya.

— Tusingeweza, Waya. Usinitetee. Tungefika kwenye kona ya kwanza ikatuacha. Alimgeukia rafiki yake. Ndugu yangu, nimekusumbua. Kaa unywe kahawa, mimi nalipia. Ila baiskeli naiazima.

Rafiki mtu alipokea kikombe. Alikaa katikati ya benchi. Aliruka.

Saa ilikuwa kumi na dakika ishirini. Kinyozi alikuwa na namba ya duka la betri, kwa sababu muuzaji hunyoa kwake kila wiki mbili, akapiga, akaweka simu juu ya boneti, sauti ikafunguliwa mpaka mwisho.

— Nani? ilisema simu.

— Kinyozi wako. Kuna dada hapa anataka betri. Ana vipimo.

— Ana vipimo? Muuzaji alionekana kushangaa. Haya, nipe.

Mshonaji akasoma daftari, akaongeza na namba za lebo. Wakamsikia muuzaji akihamisha vitu.

— Arobaini na tano ndiyo iliyokuwemo? Hata hamsini itakufaa, ilimradi iingie hapo hapo. Sasa niambie kitu kimoja. Simama upande ambao vichwa vya betri viko karibu nawe. Alama ya kujumlisha iko kulia au kushoto?

Wote wakainama. Vichwa vitano juu ya injini.

— Kulia, alisema Mshonaji.

— Una uhakika?

— Kulia ni mkono wangu wa mkasi.

— Vizuri, maana watu wengi hukosea hapo. Ya kushoto inaingia vizuri tu, halafu kebo hazifiki, mtu anaanza kuzivuta. Sasa za kulia ninazo mbili. Moja imetengenezwa miezi mitatu iliyopita. Nyingine imekaa rafuni tangu mwaka juzi, hiyo nakupunguzia sana.

— Hiyo ya rafuni ina ubaya gani?

— Leo haina.

— Na kesho?

Muuzaji alishusha sauti. — Dada, alisema, betri huchoka hata ikiwa imelala. Inaweza kukaa miaka miwili, inaweza kukaa miezi miwili. Mimi nauza zote, lakini umeniuliza.

Wanaume walitazamana. Konda alikuwa na neno kuhusu bei, lilionekana shavuni, akalimeza. Waya alitaka kuuliza ipi ni nzito, akajishika. Mshonaji alitazama kapu la nguo kwa mbali, na mguu mweupe uliotokeza pembeni.

— Ile ya miezi mitatu, alisema. Na unipe karatasi ya dhamana.

— Mwaka mmoja. Mlete na hiyo ya zamani, ina thamani yake, nitakukatia kwenye bei. Nafunga saa kumi na moja.

Sasa mambo yakaenda upesi. Konda alikuja na spana, akashika kebo nyekundu, Waya akamzuia mkono.

— Ya kutoa kwanza, alisema. Nyeusi. Ukianza na nyekundu, spana ikigusa bodi, utaona nyota mchana. Hilo nalijua si kwa kusikia.

— Kwa nini?

— Kwa kuungua.

Alionyesha kovu kidoleni, wakatii. Kebo hazikutaka kutoka, zilikuwa zimegandamana na ule unga. Bibi Birika alitazama kutoka kwenye kigoda chake, mtoto mapajani, akainua birika kwa mkono mmoja.

— Maji ya moto yanaondoa hiyo kitu, alisema. Mume wangu alikuwa akifanya hivyo. Nilikuwa nimechemsha mengine ya raundi ya mwisho.

— Na raundi ya mwisho?

— Mtakunywa kesho.

Wakamwagia maji ya moto taratibu, Kinyozi akaleta brashi yake ya kufagilia nywele, ile kuukuu, akasugua mpaka chuma cha kebo kikaonekana rangi yake. Mama wa mapazia alishika kitambaa wasirukiwe machoni. Betri ikatoka. Konda akaifunga kwenye baiskeli akaondoka akiwa amesimama juu ya kanyagio, akipiga kengele kwa watu waliokuwa mbali kabisa na njia yake.

Alirudi saa kumi na moja na dakika tano. Karatasi ya dhamana ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne. Betri ilishuka kwenye kitako chake bila kusukumwa, ikakaa. Wakafunga nyekundu kwanza, halafu nyeusi. Mshonaji alitikisa kila kebo kwa vidole kama anavyojaribu kifungo kipya.

Aliingia garini, akaweka funguo. Alipotazama kioo, aliwaona. Hakuna aliyewaambia. Konda nyuma kulia, Waya nyuma kushoto, Kinyozi kwenye nguzo ya dirisha, viganja juu ya bati, mguu mmoja nyuma, wamejiandaa.

Akageuza funguo. Gari likawaka.

Halikukohoa wala halikutetemeka. Liliwaka tu, na wanaume watatu walibaki wameinama, mikono juu ya gari ambalo halikuwa na haja nao. Waya ndiye aliyetoka kwanza. Alikimbia akaleta kipima umeme chake cha dukani, akagusisha nyaya mbili juu ya betri injini ikiwa inaunguruma, akasubiri namba itulie.

— Volti kumi na nne nukta moja, alisema. Linachaji. Safari hii nimeona kwa macho.

Mshonaji alizima. Akawasha tena. Akazima. Akawasha tena, na mara ya tatu aligundua kwamba analia kidogo, akajifuta kwa ncha ya futi.

Bibi Birika alikuwa ameliinamisha birika kuonyesha kwamba hakuna kitu. Rafiki yake Konda alikuwa akitazama namna ya kuirudisha betri ya lori nyumbani. Wengine walikuwa wamekaa, lakini hawakukaa kama wanavyokaa siku zote. Kinyozi alikuwa akijisugua goti.

— Kesho mnaondoka saa ileile? aliuliza Konda.

— Saa ileile, kaka.

— Basi tutakuwepo.

Mama wa mapazia, aliyekuwa amesahau kwamba alikuja kukata mapazia, aliwatazama mmoja mmoja.

— Mtakuwepo kufanya nini?

Konda alimtazama Waya. Waya alimtazama Kinyozi. Kinyozi alichungulia kikombe chake, kilikuwa kikavu. Hata Bibi Birika, ambaye hakosi neno, alianza kukusanya vikombe.

Mshonaji aliwaona kupitia dirisha lililofunguliwa.

— Namlaza mtoto kiti cha nyuma, alisema. Mkanda haumkai vizuri kwa sababu ya plasta, na mikono yangu ni miwili tu. Nahitaji mtu wa kuushika mguu nikifunga, mtu wa tochi, mtu wa mlango, na mtu wa kuniangalizia barabara nikitoka.

Walikaa wakalipima jambo hilo.

— Mguu nashika mimi, alisema Konda.

— Wewe una mkono wa kuning'inia mlangoni mwa basi, alisema Waya. Mguu unataka mtu anayeshika vitu vidogo.

— Mimi nashika vichwa vya watoto kila siku, alisema Kinyozi, na hakuna hata mmoja niliyemkata.

— Yule wa juzi je?

— Yule aligeuka.

— Nimelea sita, alisema Bibi Birika, akiwa bado amempakata mtoto. Mguu ni wangu. Gawaneni mlango.

— Mlango ni mmoja, bibi, sisi ni watatu.

— Una vitasa viwili, cha nje na cha ndani.

— Na wa tatu?

Wakaendelea hivyo mpaka kivuli kikafika upande wa pili wa barabara, na mtoto, ambaye ndiye mwenye mguu, hakuamka.